Kiti cha Mpiga Besi

Mpiga kinanda mwenye vinanda viwili bado ana mikono miwili. Tunalisahau hilo kwa urahisi tunapomwona amesimama nyuma ya stendi yake, kinanda kimoja juu, kingine chini, nyaya zimening'inia kama mizizi. Tunadhani ameongezewa uwezo, na kwa kiasi fulani ni kweli: ana vibonyezo zaidi na sauti zaidi zilizo tayari. Lakini mkono wa kulia ukipanda juu kupiga sauti ya fidla, piano ya chini inabaki bila mtu. Mkono wa kushoto ukishika besi, kuna kingine umekiacha. Wimbo mzima anachagua nini kisikike na nini kinyamaze.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu ya mahali ninapoishi. Ninasoma shahada ya uzamili Iringa, na nyumbani ni Mbeya, kwa hiyo miaka yangu hii miwili imekuwa barabara moja: Ipogolo, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, kisha nageuza. Mbeya ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu. Iringa nimekuwa mtu wa kualikwa harusini, maana wanafunzi wenzangu wanaoa na kuolewa kana kwamba wanakimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Kote huko nimekutana na vinanda viwili, na kote nimesikia swali lilelile likiulizwa kwa utani: huyu anafanya kazi ya watu wangapi?

Mimi nalichukua swali hilo bila utani. Mtu mmoja akitoa sauti za watu wanne, je, kuna aliyedhulumiwa? Na kama yupo, aliyemdhulumu ni nani?

*

Tuanze na ufundi, kwa sababu wengi wanaohukumu hawajawahi kusimama upande ule wa stendi.

Vinanda vingi vya makanisani kwetu vina vibonyezo 61, yaani oktava 5 na kibonyezo kimoja cha ziada. Piano kamili ina 88. Ukitaka kupiga besi kwa mkono wa kushoto na piano kwa mkono wa kulia kwenye kinanda kimoja, inabidi ukigawe: sehemu ya chini itoe sauti ya besi, ya juu itoe piano. Oktava 2 zikienda kwa besi, zinabaki 3, na mkono wa kulia unaanza kubanwa na mpaka. Halafu kuna suala la kubadili sauti. Kwaya inapotoka kwenye ubeti kuingia kiitikio, mpigaji anataka piano iondoke na fidla ziingie. Kwenye vinanda vingi vya zamani, ukibonyeza kitufe cha kubadili, sauti iliyokuwa ikiendelea inakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Kinanda cha pili kinaondoa aibu hiyo. Sauti mbili zinakaa tayari, mkono unahama tu.

Kuna sababu nyingine ambayo wapigaji hawaitaji sana ingawa wote wanaijua: kinanda hufa. Adapta inaungua, kibonyezo kinakwama, umeme unarudi na nguvu kuliko ulivyoondoka. Ukiwa na kimoja, ibada inabaki na makofi. Ukiwa na viwili, wimbo unaendelea.

Wala wazo lenyewe si geni. Mwaka 1741 Bach alichapisha kazi tunayoijua leo kwa jina la Goldberg Variations, na kwenye jalada ikaelezwa kuwa ni ya ala yenye safu mbili za vibonyezo. Katika baadhi ya vipande vyake mikono miwili inapishana na kuingiliana. Kwenye safu moja ingekuwa inagongana. Safu ya pili ilikuwepo ili mikono ipate nafasi. Haikuwepo ili kuiga chombo cha mtu mwingine. Mwaka 1983 ndipo watengenezaji walipokubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha ala za elektroniki, ile iitwayo MIDI, na tangu hapo kinanda cha kampuni moja kinaweza kukiamuru kinanda cha kampuni nyingine kwa waya. Unabonyeza hapa, kule kunalia.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuwa na kinanda cha pili. Katika ya kwanza, unapiga kinanda kama kinanda, ila una nafasi zaidi. Katika ya pili, unapiga kinanda kama fidla, kama tarumbeta, kama gitaa la besi, yaani kama mtu mwingine ambaye hayupo. Neno lenyewe limewahi kubeba mambo mengi. Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinaeleza kinanda kuwa ala ya nyuzi, ya kushikwa na kukwanyuliwa. Baadaye neno hilohilo likabeba ogani za makanisa, piano, hata mashine ya kuchezea santuri. Waswahili waliita kwa jina moja ala inayohitaji mkono na ile inayohitaji kufunguliwa tu ikacheza yenyewe. Mzozo wetu wa leo umelala ndani ya neno hilo.

*

Vijana wenzangu wakiujadili mzozo huu, karibu kila mara wanajadili ukweli. Je, hiyo ni laivu? Tumechoka na wasanii wanaopanda jukwaani na kuimba pleibeki, mdomo ukifukuzana na wimbo uliorekodiwa. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004, limejijengea heshima kwa kusisitiza muziki wa laivu, na kwa wengi wetu neno hilo limekuwa kama muhuri wa uaminifu. Sasa mtu akipiga sauti ya tarumbeta kwa kidole, wengine wanaona amewadanganya.

Mimi sioni hivyo. Udanganyifu unahitaji kitu kilichofichwa. Ukumbini Kihesa au Mwanjelwa, watu wanasikia tarumbeta, wanatazama mbele, wanaona kinanda. Hakuna anayeinama chini ya meza kutafuta mpuliza tarumbeta. Anayeiga mbele ya macho ya watu hajamdanganya mtu, kama vile babu anayesimulia hadithi na kubadili sauti kuwa ya fisi hajadai kwamba yeye ni fisi.

Mstari upo, ila hauko kwenye idadi ya vinanda. Vinanda vingi vya leo vina uwezo wa kupiga midundo yenyewe: unashika vibonyezo vitatu kwa mkono wa kushoto, na mashine inaleta ngoma, besi na gitaa kwa pamoja. Inafurahisha, na mtoto anayejifunza inampa moyo. Lakini sikiliza kinachotokea pale wimbo unapotaka kusubiri. Katika nyimbo za Mwimbieni Bwana, hasa wazee wanapokuwa wengi ibadani, mwisho wa mstari haumaliziki kwa saa. Unamalizika pumzi ikiisha. Msibani ni zaidi. Kuna mstari unaorefuka kwa sababu mtu mmoja wa safu ya mbele ameshindwa kuendelea na wenzake wanamngoja. Mkono unalisikia hilo na kukaa. Mashine ina kasi yake, na imekwisha kugeuka kwenye mstari unaofuata.

Harusini ni vilevile kwa upande wa furaha. Bibi wa bwana harusi ametoka kwenye kiti chake, anakuja na kitenge mkononi, anacheza kidogo kidogo, hana haraka. Mpigaji mwenye macho anakirudia kiitikio mara tatu zaidi na kushusha sauti ili vigelegele vipate nafasi. Hapo ndipo ninapoiona laivu: mkono unaoweza kubadili uamuzi kwa sababu ya mtu aliye mbele yake. Kwa kipimo hicho, mwenye vinanda viwili anayepiga kila noti kwa kidole chake ni mkweli kuliko mwenye kimoja aliyewasha mdundo na kushika vibonyezo vitatu.

Basi kuhusu ukweli, namtetea. Tatizo ni kwamba tukishamtetea hapo, tunadhani kesi imekwisha. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekalia kiti cha mwenzake.

*

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tuna ala nyingine inayonisaidia kufikiri juu ya viti. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kati ya desturi ambazo Wamoraviani na Walutheri wa Kijerumani walikuwa nazo ni vikundi vya matarumbeta vya kanisani. Desturi hiyo iliota mizizi Tanzania. Leo matarumbeta yanapigwa makanisani, na mitaani yanasindikiza maharusi, wapulizaji wamejazana nyuma ya gari la wazi huku madereva wa bajaji wakipiga honi kuitikia.

Tarumbeta moja hutoa noti moja kwa wakati mmoja. Ukitaka mwafaka wa noti nne, tafuta vinywa vinne. Huna njia ya mkato. Kiongozi wa matarumbeta anayetaka muziki mnene lazima aende kugonga mlango wa mtu, amfundishe kijana kubana midomo, avumilie miezi ya milio ya ajabu nyuma ya kanisa. Tabia hiyo ya chombo inaijenga jumuiya, watu watake wasitake. Chombo chenyewe kinakulazimisha uwahitaji wengine.

Kinanda hakikulazimishi. Vidole kumi ni noti kumi. Kinanda cha pili kinakuwezesha kumhitaji mtu kidogo zaidi ya ulivyokuwa ukimhitaji jana. Huo ni uhuru, na kwa mtu aliyewahi kusubiri mpiga gitaa asiyetokea mazoezini, ni uhuru mtamu. Lakini nafasi ya kutomhitaji mtu si kitu chepesi kimaadili.

Aristotle aliwahi kulifikiria jambo hili bila umeme. Katika kitabu chake cha Siasa anawaza: kama vyombo vya kufumia vingefuma vyenyewe, na kama kipigio kingekwanyua kinubi chenyewe, mafundi wasingehitaji wasaidizi, wala mabwana wasingehitaji watumwa. Alikuwa akieleza kwa nini watumwa wapo, na hapo sisimami upande wake hata kidogo. Kinachonishangaza ni mfano aliouchagua. Kati ya kazi zote za dunia, akataja kufuma na kupiga kinubi, kana kwamba muziki ni mzigo ambao binadamu angefurahi kuutua. Nadhani hapo alikosea. Mtu aliyeondolewa kazi ya kubeba zege anaweza kushukuru. Mtu aliyeondolewa kazi ya kupiga besi amepoteza kile alichokuwa akikingojea wiki nzima.

Wengine walilipigania hili kwa azimio. Mwaka 1982, tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe, kwa hofu kwamba zinachukua kazi za wapigaji wa okestra. Azimio hilo halikuwa sera ya chama kizima, na leo tunalicheka, kwa sababu sinthesaiza ilileta muziki ambao okestra isingeweza kuuleta. Kicheko hicho ni halali. Ila wale watu walikuwa wameona kitu: mashine haikushindana na sauti ya fidla peke yake, ilishindana na mshahara wa mpiga fidla.

Kwetu mabadiliko hayo yalikuja bila azimio. Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Fikiria jambo hilo: kiwanda kilichokuwa na bendi yake. Bendi za dansi za wakati ule zilihitaji waimbaji, magitaa ya solo, rizimu na besi, ngoma, mara nyingi na wapuliza tarumbeta na saksafoni, na mashirika ya umma yalikuwa tayari kuwalisha watu hao wote. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, ya akina East African Melody na TOT, iliweka vinanda mahali ambapo vikundi vikongwe vya Zanzibar vilikuwa na fidla, ganuni na akodiani. Sidai kwamba kinanda kiliua chochote. Fedha za mashirika ziliisha, ladha za watu zilibadilika, na kinanda kilikuwepo tayari kujaza pengo. Ila pengo likishajazwa, hakuna tena anayeliona kuwa ni pengo.

*

Kwaya yetu ya Mbeya ililazimika kulitazama pengo la namna hiyo.

Tulikuwa na fedha. Zilitokana na mnada wa mavuno, ule wa baada ya ibada, ambapo ndizi za Tukuyu na magunia ya viazi vya Umalila hununuliwa kwa bei ambayo sokoni ingekuwa kichekesho. Kinanda chetu kimoja kilikuwa na vibonyezo vitatu vilivyokufa. Mpiga besi wetu, kaka mmoja wa Uyole, alikuwa amepiga kwa miaka kadhaa kwa gitaa la kuazima, na mwenye gitaa alikuwa amelichukua. Fedha zilitosha kitu kimoja: kinanda cha pili, au gitaa la besi na amplifaya yake.

Kikao kilikuwa kirefu. Mwalimu wa kwaya alieleza kwa utulivu kwamba kinanda kipya kingepiga besi kwa mkono wa kushoto, na kile cha zamani kingebaki juu kwa sauti za fidla, ambako vibonyezo vyake vizima vilitosha. Tungepata besi na fidla kwa bei ya besi. Na siku kimoja kikifa, kipo kingine. Tulipiga kura. Mimi nilipigia kinanda, na ikifanyika kura hiyo kesho nitakipigia tena. Kwaya inayotegemea kinanda kimoja kibovu haiwezi kwenda kuzika watu wake Chunya au Kyela kwa uhakika.

Kaka yule aliendelea kuja. Alihamia safu ya tenor, akaimba. Hakuna aliyemwambia neno baya. Baada ya wiki kadhaa akaanza kukosa Alhamisi moja, halafu mbili. Nilipokutana naye Mwanjelwa, amekaa juu ya pikipiki yake akingoja abiria, nilimuuliza kama tumemkosea.

"Hapana, mdogo wangu," akaniambia. "Hakuna aliyenifukuza. Nilikuja siku moja nikakuta kazi yangu imeshafanyika."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama alilitaka. Lakini maneno yake yalinionyesha kwamba nilikuwa natafuta kosa mahali ambapo halipo. Nilikuwa nauliza kama uamuzi wetu ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi. Uamuzi sahihi nao huacha deni, na deni hilo haliondoki kwa kuthibitisha kwamba hesabu zilikuwa sawa. Ukimhamisha mtu ili barabara ipite, barabara inaweza kuwa ya lazima kabisa na yeye bado akawa anadai nyumba.

*

Harusi moja Iringa ilinifundisha upande wa pili wa hesabu hiyo. Mpigaji alikuwa kijana mwenye vinanda viwili, na alikuwa fundi: besi safi mkono wa kushoto, gitaa la sebene mkono wa kulia, kisha mkono unapanda juu na tarumbeta zinaingia. Wakati wa chakula nilimfuata. Baada ya kamwene na habari za hapa na pale, nilimuuliza kama analipwa kwa kazi ya watu wengi.

Alicheka. "Dada, kamati inahesabu vichwa, haihesabu sauti."

Alikuwa amelipwa kama mtu mmoja. Zaidi ya hapo, alikuwa amelipia bajaji ya kubeba vinanda vyote viwili, stendi na ekstensheni, na vinanda hivyo alivinunua yeye, kimoja kwa mkopo. Mpiga besi, mpiga solo na mpuliza tarumbeta hawakuwepo, na ujira ambao wangelipwa haukwenda mfukoni mwake. Ulibaki kwa kamati ya harusi, ukaongeza soda na mapambo.

Tangu siku hiyo siwezi kumkasirikia mpiga vinanda viwili kwa niaba ya mpiga besi. Wote wawili wako upande mmoja wa meza. Mmoja amekosa kazi, mwingine amepata kazi nne kwa ujira wa moja. Aliyenufaika ni yule anayesema "huyu anatosha" bila kuuliza anatosha kwa gharama ya nani. Na mara nyingi aliyesema hivyo ni sisi: kamati, kwaya, usharika, wageni tuliochanga na tukataka ukumbi upendeze. Tukimlaumu fundi, tunamtwisha uamuzi tulioufanya wenyewe.

*

Najua pingamizi kubwa, na nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema muziki si mradi wa ajira. Ibadani tunatoa kilicho bora. Kijana anayejifunza besi atapotea kwenye ufunguo, atachelewa kwenye mageuzi ya wimbo, na waumini watageuka kumtazama. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda mzoefu hautakosea. Kwa nini tuwape watu muziki mbaya zaidi kwa ajili ya hisia nzuri?

Sehemu ya pingamizi hilo naikubali. Mtu aliyelipia harusi yake ana haki ya muziki uliopangiliwa. Siku ya harusi ya mtu si siku ya kumjaribu mwanafunzi. Naikubali pia gharama: kwaya itakayomwachia kijana besi itasikika vibaya baadhi ya Jumapili, na hakuna sababu ya kujifanya kwamba haitakuwa hivyo.

Lakini pingamizi hilo linasahau mkono wa mpiga kinanda mzoefu ulitoka wapi. Ulitoka Jumapili mbaya. Kuna usharika uliokaa kimya huku akikosea, miaka mingi iliyopita, mahali fulani. Yeye aliachiwa kiti akiwa hakijazi. Tukisema sasa kwamba viti ni vya wanaovijaza tu, tunavuta ngazi tuliyopandia. Na kwaya ni tofauti na ukumbi wa kukodi hapo hasa: kwaya ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuwa bado anajifunza. Ikikosa hilo, inabaki kuwa bendi isiyolipwa.

Kwa hiyo nimefikia kanuni ambayo naiona inabebeka. Kinanda cha pili kipige kile ambacho hakuna mtu humo ndani wa kukipiga. Hatuna mpiga fidla Mbeya, angalau katika kwaya yetu. Basi fidla zipigwe juu, kwa raha zote. Hatuna wa besi leo. Basi mkono wa kushoto ufanye kazi. Akitokea mtu mwenye gitaa, hata kama anajua funguo tatu tu, mkono wa kushoto upande juu na kumwachia chini. Kama nilivyosema mwanzo, mikono ni miwili. Ukipumzishwa kwenye besi, una mahali pengine pa kwenda.

Kanuni hii haimtaki mpigaji aache vinanda vyake. Inamtaka kitu kigumu zaidi, kwamba awe tayari kupunguza anachoweza kufanya kwa sababu kuna mwingine anayeanza kuweza. Na inatutaka sisi wengine tuulize kabla ya kusema mtu mmoja anatosha. Kamati inayochukua fundi mwenye vinanda viwili badala ya bendi ya watu wanne, angalau impe sehemu ya kile ilichokiokoa. Kwaya inayonunua kinanda mahali pa gitaa, iandike kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba gitaa linafuata.

Kwetu nilipendekeza mambo mawili. La kwanza, kwamba mazoezi ya Alhamisi mkono wa kushoto unyamaze akiwepo yeyote anayetaka kujifunza besi, lilipita, na mwalimu wa kwaya mwenyewe ndiye aliyeomba gitaa la kuazima kwa ajili hiyo. La pili, kwamba fedha za mnada ujao zianze na gitaa na amplifaya, halijapita. Kuna wanaotaka sare mpya, na hoja zao si mbaya.

Mnada ni baada ya mavuno. Viazi vitakuja, ndizi zitakuja, na tutakaa tena kupiga kura. Kinanda kipya kinafanya kazi vizuri, nami nakifurahia kila Jumapili mkono wa kulia unapopanda juu na fidla zinaingia chini ya sauti zetu. Ninapokisikia kikipiga besi, ninajua pia kwamba tunatumia kitu ambacho hatujamaliza kukilipia.